Siku Saba za Kuwa Safi

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, na kazi yangu ni kuosha maiti wa kike hospitalini. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi wakilijua katikati ya mazungumzo huvuta kiti nyuma, na sitaki uvute kiti nyuma wakati nakuonya. Kama ni wa kuvuta, vuta sasa, kisha unisikilize.

Kazi yenyewe haitishi kama watu wanavyodhani. Kuna meza ya chuma yenye mfereji pembeni, ndoo mbili, sabuni, pamba, kitana, na bandeji ya kufungia kidevu kabla hakijakaza. Maji nayapasha kidogo. Mwenzangu wa upande wa wanaume, tunayemwita Kimya kwa sababu hanyamazi, hunicheka. "Unampashia maji nani, mama? Aliyekwambia yana baridi ni yupi?" Namjibu kwamba mkono wangu ndio unaosikia baridi. Si kweli. Nawapashia wao.

Ila kazi hii inakupunguzia watu. Mwenye duka huniwekea chenji juu ya meza, hanipi mkononi. Kanisani, kwenye benchi, nina nafasi kama mtu aliyelipia viti viwili. Wakati wa kupeana mikono ya amani watu hunipungia kwa mbali, wanatabasamu vizuri sana, wala siwalaumu. Mtu akishamwosha mama yako, hutaki kumkumbuka kila ukienda kununua chumvi.

Mwanangu peke yake ndiye hakuwahi kuniogopa. Baba yake alituacha angali mdogo, aliondoka kwa miguu yake, si kwa kufa, na kijana akawa ananisubiri langoni kwa hospitali akitoka shule. Nikitoka tu alinidaka mkono hata kabla haujakauka. Wenzake walimwita Mtoto wa Maiti. Alirudi nyumbani mara nyingi mdomo umevimba, nikimuuliza anasema kaanguka. Nilimfundisha kusoma mezani kwangu, kidole changu chini ya mstari. Akakua, akawa fundi wa friji, mtaani wanamwita Fundi Baridi, akaoa msusi mmoja mcheshi mwenye kicheko cha kuamsha jirani. Nikasema Mungu amenilipa.

Basi siku moja akaitwa kutengeneza friji dukani kwa mtu, na juu ya duka hilo kulikuwa na chumba ambamo watu walikutana kusoma Torati. Walikuwa Wakristo kama sisi, wanamwamini Yesu kama sisi. Lakini Mwalimu wao alifundisha kwamba makanisa yameitupa Sheria ambayo Mungu alimpa Musa, na kwamba Yesu mwenyewe aliishika mpaka mwisho. Hapo, niseme haki, hakusema uongo.

Mwanangu alikuwa akija kula kwangu kila Jumapili. Jumapili hiyo akaitazama sahani.

"Mama, huyu ng'ombe alichinjwaje? Damu ilitoka yote?"

"Sikuwepo, baba. Hakunialika."

Akacheka, nami nikacheka. Jumapili iliyofuata akala mboga tu. Baadaye akaja na shati lenye vishada vya uzi wa buluu kwenye pindo, eti ndivyo Torati inavyoagiza, nikamwambia, "Umeanza kufumuka, njoo nikushone." Akacheka tena, ila kidogo. Halafu akaacha kufanya kazi Jumamosi, wateja wakalalamika maziwa yao yanachacha, na yeye akawaambia Bwana atawalipa. Mimi nikawa nahesabu: hili dogo, na hili dogo. Sikuona kwamba madogo yalikuwa yanapanga mstari kuja kwangu.

Nikaenda kwa mchungaji wangu. Alinipokea amesimama.

"Mama, usihangaike," akasema. "Sheria ya Musa ilitimizwa msalabani. Sisi tuko chini ya neema. Mwache, atachoka."

"Ilikwisha yote?"

"Yote."

"Na zaka?"

Akakohoa. "Zaka ni jambo jingine, mama. Hiyo ni kanuni."

Nikarudi nyumbani nikiwaza kwamba kila mmoja wao ana mkasi wake. Wanatofautiana pa kukatia tu. Nilitamani kupata mtu wa kumuuliza swali langu, kwamba maneno yale ya kale, ya watu wa mahema na kondoo, mtu wa leo anayashikaje bila kumkata mwenzake? Lakini wa kumuuliza sikuwa naye. Niliyekuwa nikimuuliza kila kitu ndiye huyo huyo mwanangu.

Mkwe wangu alikuwa karibu kujifungua. Nikabeba nguo za mtoto nilizozishona mwenyewe, nikaenda kwao. Mwanangu akatoka nje, akavuta mlango nyuma yake.

"Mama, usiingie."

"Kwani mwenzio amelala?"

"Yuko macho. Kaa hapa nje, Mama. Nina neno."

Akaniwekea kigoda, yeye akabaki amesimama. Akafungua kitabu cha Hesabu, sura ya kumi na tisa, akanisomea. Mtu akigusa maiti ni najisi siku saba. Siku ya tatu na ya saba anyunyiziwe maji yenye majivu ya ng'ombe mwekundu. Asiponyunyiziwa anabaki najisi, na chochote anachokigusa kinakuwa najisi pia. Alisoma vizuri, bila kuruka.

"Na mimi nagusa kila siku," nikasema.

"Kila siku, Mama."

"Kwa hiyo siku saba zangu hazijawahi kutimia tangu wewe unazaliwa."

Akakifunga kitabu juu ya kidole chake.

"Na majivu ya huyo ng'ombe mnayo huko juu ya duka?"

"Hatuna. Mwalimu anasema hayo Mungu anajua. Sisi tufanye lile tunaloweza."

"Na mnaloweza ni mimi."

"Mama, usiseme hivyo. Mimi sikukatai. Imeandikwa. Ungeniambia nichague, ningekuingiza sasa hivi, wallahi ningekuingiza. Lakini mtoto anakuja. Namtaka azaliwe katika nyumba safi."

Alikuwa na machozi. Hilo nataka ulishike, wewe unayesoma: hakuwa na kiburi. Aliogopa. Alikuwa anamwogopa Mungu jinsi mimi ninavyoogopa simu ya usiku. Ndani nikasikia mkwe wangu akilia, na mlango haukufunguka.

"Ukiacha hiyo kazi," akasema, "zikipita siku saba ukaoga, ukafua nguo, njoo. Hayo mengine tutamwachia Mungu."

"Na nitakula nini?"

"Nitakulisha mimi."

"Na wale wanawake nani atawaosha?"

"Wapo wasiomjua Bwana, Mama. Waache wao."

Nikaweka nguo za mtoto juu ya kigoda, nikaondoka. Baadaye nikasikia walizianika juani mpaka jua likazama, ndipo wakaziingiza.

Mtoto alizaliwa wa kike. Sikuitwa. Aliyenipigia simu ni mkwe wangu, kwa sauti ya chini, mume akiwa kazini.

"Mama, na mimi nimetengwa huku. Nina kiti changu, nina mkeka wangu. Akipita hapa anajikunja kama anapita kwenye miba."

"Mpaka lini?"

"Angekuwa wa kiume, siku arobaini. Wa kike ni themanini."

"Mara mbili! Mtoto mwenyewe hajafanya kosa hata moja."

"Labda anazo siku za kwangu na zako," akasema, akaanza kucheka kile kicheko chake, akakifunika na kiganja. Tukacheka wote wawili, najisi kwa najisi, kila mmoja peke yake ukutani kwake. Kisha akaniambia kwamba siku themanini zikiisha watamleta mtoto mbele ya watu wa kule juu ya duka na kumwombea. "Njoo, Mama. Nimemwambia lazima uje. Amesema ukifika ukiwa na siku saba, utampakata."

Utampakata. Neno hilo nililala nalo na kuamka nalo.

Nikaomba likizo, nikaipanga ili siku ya saba iwe ndiyo hiyo. Kimya akaniambia, "Miaka yote hujawahi kuomba likizo, leo unaenda wapi? Baharini?" Nikamwambia naenda nyumbani kwa mwanangu. "Hapo tu? Si unafika kwa miguu!" Nikamwambia ni mbali kuliko anavyofikiri.

Sikujua kwamba mtu anaweza kukosa watu hata wale waliokufa. Siku ya kwanza nilifua kila nilichonacho. Siku ya pili nikafua tena. Chumba changu kina kitanda, meza, jiko la mafuta na dirisha linalotazama ukuta wa jengo la pili, na ukuta ule nikaujua kama uso wa mtu. Nilikula nimesimama, kwa kuwa kukaa mezani peke yangu mchana, siku ya kazi, kulinitia aibu, sijui mbele ya nani. Nilijaribu kuimba, nikasikia sauti yangu, nikanyamaza.

Aliyenigongea mlango ni mmoja tu, bibi wa chumba cha mkabala. Tulimwita Bibi Sindano, aliwahi kuwa mshonaji na hata sasa alitembea na sindano kifuani. Alikuja na kikohozi chake na kikombe chake.

"Nasikia unatakaswa," akasema.

"Umesikia wapi?"

"Kuta hizi ni karatasi, binti yangu. Basi nami nikae nawe nipate huo utakaso wa bure." Akakaa, tukanywa chai. Akashika mkono wangu, akaugeuza. "Sasa hivi ndiyo unaitwa safi? Mbona ni ule ule."

Alikuja kila siku. Asubuhi ya siku ya sita hakuja.

Nilisikia watu kwenye ujia. Nikatoka. Mlango wake ulikuwa wazi, na majirani wamesimama nje kama watu wanaosubiri kupimwa. Waliponiona wakanipisha njia.

"Mama, afadhali umekuja," akasema muuza mkaa. "Bibi ametutoka. Wewe ndiye mwenye mkono."

"Niko likizo."

"Likizo ya jirani?"

"Piga simu hospitali. Watakuja na gari."

"Nimeshapiga. Wamesema gari ni jioni. Na watu wake wako safari ya siku mbili."

Nikatazama kutoka pale mlangoni. Alikuwa amelala chali kitandani, mdomo wazi, jicho moja limefumbuka nusu. Kikombe chake kilikuwa sakafuni. Nilijua kilichoandikwa, kwa kuwa siku zile nilikuwa nimekisoma mpaka nikakikariri: hata usipogusa, ukiingia tu chini ya paa alipofia mtu, umeshanajisika. Kwa hiyo jambo lote lilikuwa kizingiti kile cha mbao. Upande huu nilikuwa bibi wa mtoto. Upande ule nilikuwa mwosha maiti.

Nikamwambia mke wa muuza mkaa, "Ingia wewe, nitakuelekeza kutoka hapa. Chukua kitambaa, kipitishe chini ya kidevu."

"Mimi?" Akarudi nyuma akamkanyaga mumewe. "Mama, mimi siwezi, nitaota."

Hakuna aliyeweza. Kidevu nacho hakisubiri mkutano. Kikishakaza kikiwa wazi, ndivyo atakavyozikwa, na watu wake wakifika watamkumbuka hivyo maisha yao yote.

Nikaingia.

Nilimfunga kidevu na leso yake mwenyewe. Nikamfumba jicho. Nikapasha maji kwenye jiko lake, nikawaambia wafunge mlango. Alikuwa mwepesi kama nguo. Nilipomaliza nikamchana nywele, nikamtolea sindano kifuani nikaichomeka kwenye pazia isije ikamchoma anayembeba. Sikulia. Nililia nilipofika chumbani kwangu na kuona gauni nililolipiga pasi kwa ajili ya kesho, likining'inia kwenye msumari.

Nitakuambia nilichowaza, maana hata wewe ungekiwaza: ninyamaze tu. Nani angemwambia? Nioge, nivae, niende, nimpakate mtoto. Lakini kunyamaza kungekuwa kukubali kwamba mikono yangu ina jambo la kuficha. Na mwanangu hajawahi kusikia uongo kutoka kwangu, hata nilipotaka sana kumpa mmoja.

Nikafungua Biblia nitafute pa kutokea. Nilisoma kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, na kwenye Walawi, sura ya ishirini na moja, nikaona. Kuhani haruhusiwi kujitia unajisi kwa ajili ya maiti, isipokuwa kwa watu wake wa karibu, na wa kwanza kutajwa ni mama yake. Nikasoma tena, nikatoka nje kwenye ujia na simu.

"Mama, shikamoo. Uko tayari kwa kesho?"

"Marahaba, baba. Jirani yangu amefariki. Nimemwosha mimi."

Nikamsikia mtoto akilia kwa mbali, sauti nisiyoijua, nikajua ni yeye.

"Mama. Ilibaki siku moja."

"Najua."

"Siku moja, Mama!"

"Nimwache mdomo wazi?"

"Hakukuwa na mtu mwingine?"

"Walikuwepo wengi. Sikiliza, mwanangu, nimepata. Fungua Walawi ishirini na moja. Kuhani anaruhusiwa kujitia unajisi kwa ajili ya mama yake. Kuhani, baba! Na wewe ni fundi wa friji."

Nilisikia karatasi zikigeuka. Nilimsikia akisoma kwa mnong'ono, kama alivyosoma mezani kwangu. Nilishika ukuta. Nilikuwa nimeanza hata kutabasamu.

"Mama," akasema taratibu, "hapa panazungumzia mama aliyekufa."

Nikauachia ukuta.

"Ni kweli, hiyo ipo. Ukifa, Mama, nitakuja. Nitakushika mimi mwenyewe, nitakuosha, sitamwachia mtu. Hapo sina kizuizi." Alisema kama mtu anayetoa zawadi aliyoiweka akiba muda mrefu. "Nakuahidi, Mama."

"Asante, baba," nikasema. Ungesema nini?

Nilirudi kazini mapema. Kimya akauliza habari za safari, nikamwambia njia haikupitika, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongeza neno.

Sasa mtoto anatembea. Mkwe wangu hupita naye mbele ya hospitali, siku mume asipokuwa njia hiyo. Hasogei upande wangu, maana alimwapia mumewe, na mimi simwombi avunje kiapo. Husimama ng'ambo ya barabara, akajifanya anafunga kiatu cha mtoto, akamgeuza uso kwangu. Ana masikio ya mwanangu. Juzi aliniona, akachomoka mkononi kwa mama yake, akaninyooshea mikono yote miwili kama watoto wanavyofanya wakitaka kubebwa. Magari hayakuwepo. Zilikuwa hatua chache. Na mimi, kabla sijawaza, nikaificha mikono yangu nyuma ya mgongo.

Mtoto akasimama. Mama yake akamchukua, wakaenda.

Ndiyo maana naandika. Kwamba mwanangu aliniona najisi, nilishazoea, nilikuwa nikilia na kuosha uso. Hili la juzi silizoei. Hakuna aliyenisomea sura yoyote pale barabarani. Mikono ilijificha yenyewe.

Mama mwenzangu, mwanao akianza kufungua Torati, usimcheke kama nilivyomcheka, na usimpeleke kwa mtu wa kumwambia yote yalikwisha, kwa kuwa anayo macho na ataona yaliyobaki. Keti naye. Someni wote, sura nzima. Mwulize kila sheria: huyu anayewekwa nje, ataingiaje tena? Ile ya Musa, hata ilipokuwa kali, iliweka siku na maji na njia ya kurudi kambini. Mwanangu na wenzake walichukua mlango wa kutokea, wa kuingilia wakasema Mungu anajua. Na mwulize pia: Yesu, aliyeishika sheria hiyo, alifanya nini alipolikuta jeneza la yule kijana wa mjane langoni kwa mji. Aliligusa. Mimi nililijua hilo tangu utotoni, na siku ile kwenye kigoda halikunijia kabisa.

Mwulize mapema, angali anakula mezani kwako. Usikawie ukasubiri hadi utakapokuwa unamuuliza kwa simu.